Nasahau sana siku hizi, niache kazi?

Kimyakimya: Wakuu, nina miaka 34. Barua pepe moja naisoma mara tatu na haiingii. Kikao kikiisha sikumbuki tumekubaliana nini. Marehemu bibi alipoteza kumbukumbu kabisa, naona naelekea huko huko. Niache kazi kabla sijaharibu?

Chumvi: Deni langu nalo umelisahau?

MzeeWaPembeni: Simu zimewamaliza vijana. Mimi namba za ndugu zote ziko kichwani. Mwaka niliofiwa na mke wangu ndio zilipotea, hata ya mwanangu. Zikarudi taratibu. Lala mapema.

Nesi_Mstaafu: Mdogo wangu, usingizi ukoje? Unatumia dawa yoyote?

Kimyakimya: Usingizi wa mang'amung'amu. Dawa situmii.

Nesi_Mstaafu: Hutumii, au uliacha?

Kimyakimya: Niliambiwa nina sonona. Dawa nikaziacha mwenyewe, zilinifanya zezeta. Na barua ya kuacha kazi nimeshaandika, bado kuituma tu. Kila mtu anaujua mwili wake.

BintiSubira: Sonona ni kukosa shukrani. Sali.

Nesi_Mstaafu: Kusahau kulianza kabla ya dawa?

Kimyakimya: Kabla kidogo.

Nesi_Mstaafu: Basi usizibebeshe dawa lawama zote. Zipo zinazotia ukungu, amitriptyline mojawapo, ila sonona yenyewe hufanya hivyo. Mawazo yanajizungusha kutwa, jambo jipya halipati pa kukaa. Hata ya zamani hubaki jumlajumla: ukiulizwa siku moja uliyofurahi, unajibu "nikiwa shule". Mrudie daktari akubadilishie. Apime na tezi ya thairoidi, vitamini B12 na wingi wa damu.

Gundu: Hii chai. Kikao hakumbuki, ila uzi kaupanga hadi nukta!

Nesi_Mstaafu: Mwenye sonona ndiye hulalamika sana kwamba anasahau. Kwenye ule ugonjwa wa bibi, mara nyingi ndugu ndio huona kwanza.

Chumvi: Gundu, waulize ndugu zako basi.

Kimyakimya: Nimeuandika vipande vipande tangu juzi. Kwa daktari nitarudi. Barua siifuti, kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Nesi_Mstaafu: Usiifute. Usiitume pia, mpaka uonwe. Mwongozo wa DSM-5, ule madaktari hutumia kutambua magonjwa ya akili, una dalili 9 za sonona, na kushindwa kuwaza au kuamua ni mojawapo.

Kimyakimya: Nimekusikia dada. Sijasema nimekubali.