Mnaoturudishia "waigizaji walewale" Mbeya na Iringa, mnauza jina bila kufanya kazi

Wakuu salaam. Uzi huu una hasira, asiyependa kelele apite tu.

Kiangazi kikiingia, kuanzia Mafinga mpaka Uyole mabango ni ya aina moja: igizo la nyimbo lililotikisa kumbi miaka hiyo linarudi, na chini kwa herufi nyekundu, WAIGIZAJI WALEWALE. Kwa maneno hayo mawili kiingilio kinapanda mara mbili. Ukiingia ukumbini unakuta yule mtwa, chifu wa Kihehe, aliyekuwa akiruka na mkuki huku anaimba yupo kweli, na mkuki upo, na muziki ni ileile CD iliyorekodiwa akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ufunguo wa wimbo, yaani ile nota unakoanzia na kupandia, haujaguswa. Ubeti wa kwanza anapita. Wa pili sauti inakwaruza, kwaya inapaza ili kumfunika, ukumbi unapiga makofi ya huruma. Ukilalamika, mratibu ana jibu lake mfukoni: "Hata Broadway wanarudisha waigizaji wa mwanzo."

Wanarudisha, ndiyo, huko kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Ila nyie mmesoma kichwa cha habari mkaacha habari yenyewe.

Mnapenda sana kumtaja Rex Harrison. Alicheza Profesa Higgins kwenye My Fair Lady mwaka 1956, akarudi Broadway na uhusika huohuo mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Mbona hamsemi kwamba uhusika ule ulitungwa kwa mtu ambaye si mwimbaji? Nyimbo zake nyingi anazisema kwa mahadhi, haziimbi kwa kifua. Mama yake Higgins mwaka 1956 alikuwa Cathleen Nesbitt, naye akarudi 1981 akiwa na miaka 92. Tazameni kazi ya huyo mama jukwaani: anaketi, anaongea, hana wimbo. Uhusika wa hivyo unabebeka na umri. Wa kwenu, wa kuruka sarakasi na kupanda hadi nota ya juu ya F# katikati ya pambio, haubebeki bila kufumuliwa na kushonwa upya.

Yul Brynner alimcheza mfalme wa Siam kwenye The King and I kuanzia 1951 mpaka Juni 1985, jumla mara 4,625. Alikuwa na mapengo ya miaka, lakini tangu katikati ya miaka ya 1970 alikuwa karibu muda wote yumo ndani ya kazi hiyo. Hakupigiwa simu wiki mbili kabla ya onyesho akiwa dukani kwake Kariakoo. Halafu mfalme huyo ana wimbo mmoja tu mkubwa wa peke yake.

Adam Pascal na Anthony Rapp walianza na Rent mwaka 1996, wakarudi Broadway 2007 wakiwa na miaka 36 na 35, kuwacheza vijana wa miaka ishirini na kitu. Hao angalau wanafanana na wa kwenu. Tofauti ni kwamba walirudi kwa muda uliopangwa, ndani ya igizo lililokuwa likichezwa bila kukatika tangu walipoondoka. Bendi ipo kila usiku, fundi sauti anajua kila pumzi, wenzao wote wako moto. Kwenu kila kitu kimelala miaka ishirini, na mnataka kiamke Ijumaa jioni.

Na kuna njia nyingine mnayoikwepa kwa sababu haipendezi kwenye bango: mwigizaji anarudi, lakini uhusika unahama. Stephanie Mills alikuwa Dorothy kwenye The Wiz mwaka 1975. Igizo lilipofanywa kwa televisheni mwaka 2015 alikuwemo, safari hii kama Shangazi Em, na Dorothy akapewa binti. Lea Salonga aliimba Éponine kwenye onyesho la miaka 10 ya Les Misérables mwaka 1995, na la miaka 25 mwaka 2010 akaimba Fantine, ambaye ni mama. Hapohapo 2010, Colm Wilkinson, Jean Valjean wa kwanza wa London mwaka 1985, hakucheza igizo zima. Valjean alikuwa Alfie Boe. Mzee alitoka mwishoni, wakasimama wanne waliowahi kumwimba Valjean, wakagawana wimbo mmoja, ukumbi ukazizima. Filamu ya 2012 ilipokuja, Wilkinson akawa askofu. Hakuna aliyeona ameshushwa cheo.

Sasa tuje kwenye ufundi, maana hapo ndipo mnapotuibia.

Kabla bango halijachapwa, mkalishe mwigizaji na mpiga kinanda. Mpandishe ngazi nusu toni kwa nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa ya kinanda. Nota ya juu anayoweza kuishika mapigo manne, mara nane mfululizo, bila mishipa ya shingo kumtoka, ndiyo kikomo chake cha leo. Nota ya juu ya wimbo ipangeni iwe toni nzima chini ya hapo, kwa sababu jukwaani kuna baridi, kuna woga na kuna onyesho la pili Jumapili. Msiangalie nota ya juu peke yake. Wimbo unaogusa F# mara moja na kushuka ni mwepesi kuliko unaozunguka D na E dakika tatu bila kumpa nafasi ya kumeza mate. Huo wa pili ndio unaoua koo. Na msije na kanuni ya "tushushe toni moja basi". Sauti ya mwanamke hushuka umri unavyokwenda. Ya wanaume wengi uzeeni hupanda kidogo na kuwa nyembamba. Pumzi inapungua kwa wote. Kila mtu apimwe peke yake.

Mkishapata ufunguo, shida ya pili ni kwaya. Tuseme Do, nota ya msingi ya wimbo, ilikuwa D mkaishusha mpaka B, yaani nusu toni tatu. Mwimbaji kapona. Lakini besi, sauti ya chini ya wanaume, iliyokuwa ikigusa G ya chini sasa inadaiwa E, na katika kwaya nzima labda mmoja ndiye anayo. Wengine watanguruma bila nota. Ama besi ipandishwe oktava kwenye mistari hiyo, ama kiwekwe kipande cha ala cha mapigo manane kinachohamisha ufunguo, ili mzee aimbe beti kwenye B na kwaya ipokee pambio kwenye D yake. Hii ni kazi ya mwalimu wa kwaya ya jioni mbili tatu. Hamuifanyi kwa sababu hamkumlipa mwalimu wa kwaya, mmelipa mabango.

Na hiyo CD. Kwenye kinanda kushusha ufunguo ni kitufe. Kwenye muziki uliokwisha kuchanganywa, programu itakushushia nusu toni moja au mbili watu wasigundue. Ukifika tatu, nne, ngoma zinalegea na waitikiaji ndani ya CD wanatoa sauti za mazimwi. Dawa ni kuipata kazi ya studio ikiwa kila ala peke yake. Ngoma mnaziacha kama zilivyo, mnashusha magitaa na kinanda. Studio imeshafuta? Rekodini upya, au wekeni kinanda, gitaa la besi na wapiga ngoma wawili wa kweli. Mpiga ngoma aliye hai anamsubiri mzee avute pumzi. CD haimsubiri mtu.

Halafu safari. Wengi wa waigizaji hawa walishahamia Dar. Mnampakia basi la alfajiri, zaidi ya kilomita 800, madirisha yanapuliza vumbi la Kitonga na Makambako, anashuka Mbeya usiku na kesho jioni yuko jukwaani. Jiji la Mbeya liko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kila pumzi anayovuta ina oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Mtu anayeimba ameketi hataona sana. Anayeimba huku anacheza ataishiwa kwenye mstari aliokuwa akiumaliza bila shida Temeke. Mleteni siku tatu au nne kabla. Mwezi wa sita na wa saba jioni ni baridi kali na hewa ni kavu; anywe maji tangu mchana, si dakika tano kabla ya kupanda, kwa sababu unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Mvuke wa maji ya moto ndio unaozifikia. Zile pipi za kupoza koo zinamdanganya tu kwamba amepona, na "kipimo kidogo cha kuchangamsha damu" mnachompa nyuma ya pazia kinamkausha.

Kuhusu kucheza sina maneno mengi: kuruka wapeni vijana, mzee apewe mstari. Akitoka kutembea haraka au kupanda ngazi za jukwaa, apate walau mapigo nane ya ala kabla ya kuimba.

La mwisho, bango. Kule Broadway mwigizaji akikosekana, karatasi inatiwa ndani ya programu au tangazo linabandikwa mlangoni. Na kama jina lake liliandikwa juu ya jina la igizo, mtazamaji anaweza kurudishiwa hela au kubadilishiwa siku. Leslie Odom Jr. aliporudi Hamilton Septemba 2025, tarehe ya kuanza na ya kumaliza zilitangazwa miezi kabla. Nyie mnaandika WALEWALE wakati kati ya tisa wamerudi wawili, na mmoja wao anaimba wimbo wa kufungua kisha haonekani tena. Andikeni majina. Andikeni nani anarudi kwenye uhusika upi, siku zipi, na nani anashika nafasi siku zilizobaki.

Waratibu mko humu jukwaani, najua. Jibuni.

*

FundiSpika_Kihesa: Kamwene mkuu. Umesahau maiki. Wazee hawa walifundwa kuigiza bila maiki, wanatupa sauti mpaka ukuta wa nyuma. Leo wanapewa maiki ya kushika, na kwenye mstari wa nguvu mkono unashuka kiunoni kwa mazoea, kwa hiyo maneno makubwa ndiyo yasiyosikika. Kuna onyesho hapa Iringa mtwa alikuwa na mkuki mkono wa kulia, maiki wa kushoto, na mtoto aliyetakiwa kubebwa naye akabaki amesimama anamtazama. Maiki ya kichwani ni lazima kwa mhusika mkuu, na betri mpya kila onyesho, hata kama za jana zinaonyesha zimejaa. Spika zikae mbele ya mstari wa waigizaji. Mkiziweka nyuma yao maiki inazisikia, inapiga mluzi, fundi anashusha sauti, ndiyo basi tena. Na kumbi zetu ni mabati na saruji tupu. Mazoezi ukumbi ukiwa mtupu unavuma, wakija watu mia tatu na makoti yao unakauka. Pangeni sauti mkijua hilo. Masika usijaribu kabisa, mvua ikigonga bati hakuna mikseri itakayokusaidia.

Mratibu_Soweto: Kaka unaongea rahisi. Watu wa Mbeya hawanunui tiketi ya "mwigizaji mpya", wananunua jina. Na ukimwambia mzee utashusha wimbo wake anaona umemtukana. Mmoja alisusa mazoezi.

Sauti_ya_Nne: Mratibu, usimwambie. Mpe nota mpiga kinanda, siku ya kwanza anza na ufunguo wa chini, mzee aimbe. Akijisikia vizuri hataulizia ilikuwa D au B. Ukianza na ule wa zamani akashindwa mbele ya vijana, hapo ndipo anasusa.

Mwanzisha uzi: Shukrani Sauti ya Nne, na Fundi pia, hilo la spika linawahusu wengi. Mratibu, jina uza, hakuna aliyekukataza. Igizo la Jumamosi jioni mpe mzee, la Jumamosi mchana na la Jumapili mpe kijana wa akiba kwa nusu ya kiingilio. Mzee anaimba mara moja badala ya tatu, koo linapona, na kijana anapata mazoezi mbele ya watu. Jambo jingine: mnarekodi maonyesho haya na kuyarusha YouTube bila kuwauliza waigizaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwigizaji pia, siyo mtunzi tu. Mzee aliyekubali kuonekana mbele ya watu mia tatu hajakubali ile nota iliyokatika ibaki mtandaoni. Idhini iwe kwenye mkataba, kwa maandishi, na aione video kabla haijapandishwa. Mkataba wenu wa mwezi huu una kipengele hicho?