Tupeane uzoefu: kubana chini na hili joto la Mombasa

Dada zangu transi (sisi wanawake tuliozaliwa na mwili wa kiume), leo tuzungumze kubana, yaani kulaza sehemu za siri ili nguo ikae bapa mbele. Ukivaa dera huna tabu. Kazi iko kwenye suruali na sketi za kubana. Haya mambo tumekuwa tukinong'onezana tu, na kuna wanaoumia kwa kukosa wa kumuuliza. Kila mmoja aseme linalomfaa.

Lulu wa Likoni: Chupi mbili za kubana zanitosha. Korodani nazisukuma polepole juu, kila moja na njia yake kwenye kinena, kisha uume narudisha nyuma, chupi inapanda. Zikikataa silazimishi, naoga maji ya uvuguvugu ndiyo nijaribu tena. Ukisikia maumivu, acha.

Fundi Kongowea: Mimi nashona mwenyewe. Nachukua taiti nzito ya mtumba, mbele naweka tabaka mbili, katikati ya mapaja napunguza upana, na ndani natia pamba ndiyo iguse ngozi. Lastiki iwe pana, nyembamba hukata kinena. Uwe na za kubadilisha, maana jasho letu si la mchezo: ukivaa mara moja, fua, anika juani mpaka ikauke kabisa.

Mwana Kisauni: Siku ya harusi natumia plasta ya hospitali. Nanyoa kwanza, ngozi iwe kavu. Kubandua, nalowesha maji ya uvuguvugu, sivuti kwa nguvu. Selotepu ya maboksi msiguse jamani!

Lulu wa Likoni: Plasta na haja ndogo je? Najua wanaokaa na kiu kutwa wasiende msalani. Jua la Februari hilo, si kujitafutia maambukizi ya mkojo?

Mwana Kisauni: Ndiyo maana ni ya shughuli fupi tu. Maji nakunywa, na nikibanwa nabandua.

Muuguzi wa Pwani: Msilale mmebana. Korodani ikiuma ghafla kwa ukali, hata ukatapika, vua uende hospitali saa hiyo hiyo. Huenda imejisokota, na kuiokoa ni vizuri iwe ndani ya masaa 6 tangu maumivu yaanze. Anayetaka watoto baadaye ajue joto hupunguza mbegu, amuone daktari mapema kuhusu kuzihifadhi.

Jasmini: Na muwasho wa mapajani?

Muuguzi wa Pwani: Mara nyingi ni fangasi. Pumzika kubana, kausha vizuri kila ukioga, chukua dawa ya kupaka duka la dawa. Usipopungua, nenda ukaangaliwe.