Nimepewa barua ya onyo kwa pombe ambayo sijanywa, kisa neno "hammered". Kozi za Kiingereza za hapa Mtwara zinatumaliza!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Jumapili vijana wa stoo tulicheza bonanza na vijana wa karakana. Tukafungwa sita bila. Sitaki kusimulia zaidi, ila kipa wetu alitoka na kidole kimeteguka, na beki mmoja goti lilivimba kama fenesi. Jumatatu wote wawili hawakufika kazini. Taarifa ya zamu naandika mimi, na bosi wetu ni Mwingereza, Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo" na "asante sana". Nikamwandikia kwa Kiingereza, tena nikajiona nimeandika cha maana: "On Sunday we were hammered. Two men cannot come to work today."

Saa nne nikaitwa ofisini. Bosi hakuniambia nikae. Akanisogelea kama mtu anayetaka kuninong'oneza, nikashtuka: ananinusa! Akauliza, hata wewe ulikuwemo? Nikajibu kifua mbele, "Yes sir, all of us, very badly hammered." Nadhani hata nilitabasamu. Mchana barua ikaja, ulevi uliosababisha utoro kazini. Mimi! Mtoto wa Mikindani, sijawahi kuonja hata uraka, na msimu huu wa mabibo harufu ya uraka iko kila uchochoro!

Kumbe "we were hammered", ukiiacha peke yake hivyo bila kumtaja aliyewapiga, Mwingereza anaisikia tulilewa chakari. Kwetu mlevi hupiga maji, kwao mlevi ndiye anayepigwa nyundo. Ningeandika "They hammered us six nil" nisingenuswa na mtu. Yaani tofauti nzima ni nani ametajwa na matokeo yamewekwa wapi. Haya nimeyajua kwa kijana mmoja wa bandarini aliyekaa na Waingereza miaka, kanieleza bure tukinywa kahawa, dakika kumi tu.

Sasa nije kwa ninaowalalamikia. Siwataji jina, wenyewe wanajijua. Miezi mitatu nimewalipa elfu sitini kila mwezi, jioni natoka kazini nimechoka, naenda kukaa kwenye benchi lisilo na mgongo. Somo la maneno ya "kupiga na kushinda" lilikuwa karatasi moja ya fotokopi. Kushoto: beat, thrash, hammer, drub, trounce, wallop, clobber, smash, whip, lick. Kulia mstari wa kwanza umeandikwa "kupiga/kushinda", halafu chini yake vijistari viwili viwili vya "kama hapo juu" mpaka mwisho wa ukurasa. Basi. Tukaimba kwa sauti kama watoto wa madrasa, tukaenda nyumbani.

Hebu jamani. Chukua "thrash". Ni ndugu wa damu wa "thresh", yaani kupura nafaka. Bibi yangu Newala alikuwa akipura mtama kwa fimbo, na bibi hakuwa anagonga mara moja akaenda zake kupika. Alishusha fimbo mpaka suke likabaki tupu na mgongo wake umelowa. Mwalimu angetuambia hilo tu, nani hapa kusini angesahau kwamba mtu hawi "thrashed" kwa bao moja la dakika za majeruhi? Yanga kumfunga Simba 5-1 Novemba 2023, hiyo ndiyo "thrash". Simba kumfunga Yanga 5-0 Mei 2012, hiyo nayo ndiyo. (Nimetaja zote mbili, sitaki matusi kwenye uzi wangu.)

Halafu neno hilohilo ni la kumcharaza mtu kweli, kwa fimbo. Mwenzetu mmoja wa kozi aliandika kwenye insha "my wife thrashes me every evening". Alimaanisha karata. Mwalimu akampa vema!

"Drub" ndiyo imeniuma zaidi nilipoelezwa. Wanaochimba asili ya maneno wanaona huenda imetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kupiga, ambao ndio uliotupa sisi dharuba. Dharuba! Mvuvi yeyote wa Mikindani anaijua, imeshamvunjia ngalawa. Neno lilikuwa mlangoni kwetu miaka yote, na sisi tumelipa elfu sitini kuchorewa vijistari viwili.

"Smash" nayo ina ugonjwa wa "hammer": ukisema wewe uko "smashed", umelewa. Kwa hiyo kwenye orodha ya maneno kumi walitutegea mabomu mawili. "Lick" sina nguvu ya kuieleza, jueni tu kwamba maana yake ya kwanza ni kulamba.

Na hata "beat" yenyewe, iliyo juu ya orodha, hawakuifundisha. Sisi tunashinda mechi na tunamshinda mtu, kitenzi kimoja kinatosha. Wao mechi ni "win", mpinzani ni "beat". Nusu ya darasa letu bado wanasema "Simba won Yanga" na mwalimu anatikisa kichwa kukubali. Tena "beat" ya jana na ya leo zinaandikwa sawasawa, na ikifika kwa aliyepigwa inakuwa "beaten". Haya ni ya siku ya kwanza, si ya mwezi wa tatu.

Mzungu anayejifunza Kiswahili tukimwambia kutwanga ni kupiga, nukta, siku utakayomwambia "nitwangie simu" si ataanza kutafuta kinu? Sisi wenyewe tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, na hakuna anayeumia. Tunalijua jambo hili vizuri kabisa kwenye lugha yetu, ila ukimpa mtu chaki na kibao cha "English Course" analisahau palepale.

Jana nilirudi pale kituoni na barua yangu ya onyo mkononi. Mwalimu akaisoma taratibu, akasahihisha kosa moja la herufi kwa kalamu nyekundu (naapa), akasema kamusi ndivyo inavyosema. Nikauliza kamusi gani. Akasema matumizi yanafundishwa awamu ya pili, ada ni elfu themanini, na nafasi zimebaki chache.

Kwa anayeniuliza hapo chini kwa nini nisimweleze bosi kwa mdomo: nilijaribu. Nilisema "no sir, we were smashed by the other team". Sentensi haikufika mwisho, alinikatiza kwenye "smashed".

Barua ya maelezo natakiwa niipeleke kesho saa mbili. Nimeifuta mara nne. Iliyobaki inasema: "On Sunday we played football. We lost 6-0. Two men were injured." Kama hiyo "lost" nayo ina mambo yake, mnijuze usiku huuhuu.