CMS (mfumo wa kuandika na kutunza kurasa za tovuti) ipi inafaa kwa maelekezo ya programu inayobadilika kila wiki mbili?

Bi_Maelekezo: Wakuu habari zenu, naomba mawazo. Ofisini tuna programu ya kuuzia dukani, toleo jipya linatoka kila wiki mbili na maelekezo naandika mimi, yako WordPress, kurasa kama 140. Shida wateja hawaapdeti siku moja, wengine simu zao za zamani wamebaki nyuma, nikirekebisha ukurasa kwa hawa nawaharibia wale. Juzi saa 2 usiku mama mmoja wa duka Morogoro kanipigia anataka kufunga hesabu ya siku, maelekezo yanasema bonyeza kitufe cha kijani chini kulia, kwake kitufe kiko ndani ya menyu juu, tumehangaika dakika 40 na wateja wamemsimamia. Imeniuma sana. Nihamie wapi?

fundi_kodi: Pole dada. WordPress inatunza historia ya ukurasa mmoja mmoja, toleo la bidhaa yenyewe haijui ni kitu gani. Jaribu Docusaurus, ni programu ya kutengenezea tovuti ya maelekezo, imetoka Facebook na ni ya bure. Unaandika faili za Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za kupangia, zinakaa pamoja na kodi ya programu kwenye Git, mfumo wa madevelopa wa kutunza kila badiliko la faili, mkitoa toleo unapiga amri moja inanakili folda nzima ya maelekezo na kuiweka pembeni, msomaji anachagua toleo lake pale juu. Ila usikate toleo la maelekezo kila wiki mbili, kata pale skrini zinapobadilika kweli, yakizidi kumi ni mzigo. Na developa akihamisha kitufe bila kugusa maelekezo, kazi yake isipokelewe.

MamaSaba: Mi napingana kidogo. Sisi tulihamia Git hivyohivyo, wanaoielewa wawili tu, wengine wakawa wanatuma marekebisho WhatsApp mpaka maelekezo yakafa kabisa. Bi_Maelekezo, wanaoandika ni kina nani?

Bi_Maelekezo: Mimi na watatu wa kupokea simu, Git hatuijui hata mmoja. Na wao ndo wanajua wateja wanakwama wapi.

MamaSaba: Basi hao usiwapoteze. Juu ya hiyo Docusaurus weka Decap CMS, mtu anafungua brauza, anaandika kwenye fomu ya kawaida, akihifadhi inaingia Git yenyewe. Kuiweka mara ya kwanza mpe developa.

fundi_kodi: Hapo MamaSaba kanizidi, nakubali. Naongeza moja, yule mama wa Morogoro hajui yuko toleo gani na hana haja ya kujua. Programu inajua. Kitufe cha Msaada kifungue moja kwa moja ukurasa wa toleo lililomo kwenye simu yake. Na skrinshoti kata kipande chenye kitufe tu, ukipiga skrini nzima utarudia picha zote kila rangi ikibadilika.

Bi_Maelekezo: Hilo la Msaada hatukuwahi kuliwaza jamani. Jumatatu naanza na kurasa za kufunga siku, zipo 6, nyingine zibaki WordPress kwanza. Asanteni sana.