Sindano za Kichina za kupunguza mwili: kuna aliyejaribu?

Mama Mahamri, Lamu
Asalaam aleikum. Mimi ni wa Langoni, nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Kazi hii ina ubaya wake: kila karai sharti uonje, na mimi huonja kwa moyo wote. Sasa nina kilo 94, na goti la kulia likiona ngazi za nyumba yetu linalia kabla yangu. Wifi yangu wa Mombasa anachomwa sindano za Kichina, hiyo akyupancha, sikioni na tumboni, anasema hamu ya kula imekatika. Ameambiwa aende mara 10, kila mara shilingi 2,500. Mimi ni boti hadi Mokowe, basi, na kulala kwa watu. Nambieni kweli kabla sijavunja kibubu. Na asiniambie mtu nipunguze mahamri, hilo nalijua.

Nahodha Mchovu
Si ndiyo chuku hiyo? Marehemu nyanya akiumika watu kwa pembe, na yeye alikuwa mnene kuliko wateja wake wote.

Binti wa Maweni, Malindi
Chuku hutoa damu, hii haitoi. Dadangu, mimi nilichomwa mara 8 hapa Malindi. Sindano ni nyembamba kama unywele, haina tundu wala dawa ndani. Unalala nazo kama nusu saa, mimi nilikuwa nasinzia. Sikioni alinibandika vimbegu kwa plasta, nivibonyeze kabla ya kula. Nikapungua kilo 4.

Lakini sikiliza. Siku ile ile ya kwanza alinikataza soda, sukari kwenye chai, na kula baada ya isha. Sasa nani alinipunguza, sindano au chai? Pesa ziliponiishia niliacha sindano, chai nikaendelea nayo bila sukari, na kilo hazikurudi. Zilirudi 2 Ramadhani, na hizo nazijua: kaimati.

Nesi Mstaafu
Binti wa Maweni ameuliza swali ambalo hata watafiti wanalo. Wakitaka kujua, kundi moja huchomwa kweli na jingine huchomwa kwa geresha, pasipo mahali penyewe. Tofauti ya uzito huwa ndogo, na tafiti nyingi ni za watu wachache kwa wiki chache. Mimi singeuza kuku wangu kwa hilo. Na wakikwambia ramani ya sikio, ile ya kuonyesha mahali pa kuchoma, ni ya maelfu ya miaka, ile inayotumika sana aliichora daktari Mfaransa, Paul Nogier, miaka ya 1950.

Ukienda, sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako na itupwe baada yako. Iliyotumika kwa mwingine inaweza kukupa homa ya ini. Kama una mimba, kisukari au unameza dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema.

Ila mama, wewe umelia goti. Hapo sindano zina hoja kidogo, japo wakubwa wenyewe wanabishana: madaktari wa baridi yabisi wa Marekani mwaka 2019 walikubali zijaribiwe, Uingereza mwaka 2022 wakasema zisitumike. La hakika ni hili: kila kilo unayopungua, goti linatuliwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Mama Mahamri, Lamu
Kilo 4 kwa kila hatua! Hilo limeniingia kuliko sindano zote. Nimepiga hesabu: mara 10 ni 25,000, bado nauli. Hizo ni magunia ya unga. Basi ya sikioni namwachia wifi. Kuonja nimempa binti yangu, yeye ni mwembamba kama fito. Alasiri nataka kuenda Shela kwa miguu kando ya maji, goti likikubali.

Binti wa Maweni, huyo fundi wako hutibu na magoti? Malindi kwangu ni karibu kuliko Mombasa.