Tupeane uzoefu: vepu kwa vijana, ndani yake kuna nini na mzazi afanye nini

MwalimuNidhamu
Wakuu, habari za jioni. Kuna mtu kauliza kwenye uzi wa jirani kama vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ni "mvuke wa maji tu", nikaona tufungue uzi kamili. Walimu, manesi, mafundi, wafamasia, karibuni.

Nianze na ukaguzi wa mabegi. Sigara ya kawaida mzazi anaijua kwa harufu. Vepu inanukia embe, mnanaa au jojo, na inakaa kwenye kikasha cha kalamu bila mtu kuishtukia kwa sababu nyingi zina umbo la kalamu nene ya rangi, nyingine umbo la flashi ya kompyuta. Angalia mambo matatu: tundu la kuvutia upande mmoja, kitaa kidogo upande wa pili, na mara nyingi sehemu ya kuchomeka chaja ya simu. Kalamu haichajiwi. Tazama pia mwanafunzi mwenyewe. Anaomba ruhusa ya chooni kila baada ya kipindi, anarudi na kiu isiyoisha. Majimaji ya vepu hunyonya unyevu wa mdomo na koo, ndiyo sababu ya ile chupa ya maji isiyobanduka mkononi.

FundiBetri_Kkoo
Mwalimu umeanzisha jambo zuri. Watu wanabishana juu ya kitu ambacho hawajawahi kukifungua.

Ukifungua ile ya kutumia na kutupa unakuta betri ya lithiamu, sensa ndogo inayohisi mvuto wa hewa (ndiyo maana haina swichi), koili ya waya iliyoshikana na utambi wa pamba, na sponji iliyolowa majimaji. Ukivuta, sensa inaruhusu umeme, koili inapata moto, majimaji yanatoka kama ukungu. Huo ukungu sio mvuke wa maji. Ni matone madogo mno ya gliserini, propilini glaikoli, fleva na nikotini.

Ubaya unaongezeka pamba ikikauka. Majimaji ndiyo yanayoipoza koili. Yakiisha, joto linapaa na ile gliserini inavunjika kuwa fomaldihaidi, asetaldihaidi na akrolini. Akrolini ndiyo ile inayochoma macho mafuta yakiungua kikaangoni. Kwa hiyo kijana asiye na hela ya kununua nyingine, anayeivuta mpaka tone la mwisho, ndiye anayeimeza zaidi. Ladha ikishakuwa ya kuungua, pamba imekwisha. Hapo hata mtetezi wa vepu atakwambia acha.

Waya wenyewe ni nikeli na kromiamu, au chuma, kromiamu na alumini. Chembe za metali hizo zinapatikana kwenye ukungu, na risasi pia imekutwa. Vepu isiyojulikana imetengenezwa wapi, hata lehemu yake huijui.

Sasa zile za kujaza. Betri ya 18650, ile ya mviringo kama ya tochi lakini kubwa kidogo, ikijaa ina volti 4.2. Koili ya omu 1.2 inavuta ampea 3.5, haina shida. Vijana wanasokota koili zao za omu 0.2 wapate moshi mwingi: hapo ni ampea 21. Halafu betri imechomolewa kwenye laptop mbovu, ambayo haikuundwa kubeba mzigo huo. Inachemka, gesi inajaa ndani, inapasuka. Na ile plastiki ya nje ikichanika, ganda lote la betri ni hasi. Funguo au sarafu mfukoni zinatosha kupiga shoti.

MamaJ_Tanga
Harufu ya embe chumbani wakati si msimu wa embe. Mzazi, amka.

NesiWaZamu
Niongezee kipimo cha nikotini, maana wazazi wengi wanapotea hapo. Pakiti imeandikwa 5%, mtu anaona ni kidogo. 5% ni kama miligramu 50 kwa kila mililita. Yenye mililita 2 ina miligramu 100 za nikotini. Sigara moja inamwingizia mvutaji miligramu 1 hadi 2. Si nikotini yote ya kwenye vepu inaingia mwilini, lakini mzazi apige hesabu mwenyewe.

Na kwa nini mtoto hakohoi? Zamani nikotini nyingi kiasi hicho ingemkwaruza koo akaacha mwenyewe. Vepu ya kampuni ya JUUL ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2015 ilitumia chumvi ya nikotini: unaichanganya na asidi ya benzoiki, ukali wa kooni unapungua. Kikopo chao cha majimaji kilikuwa na mililita 0.7 tu, na kampuni yenyewe ilikilinganisha na pakiti nzima ya sigara. Kufikia 2019, utafiti wa taifa wa Marekani ulikuta 27.5% ya wanafunzi wa sekondari za juu wametumia vepu ndani ya siku 30 zilizopita. Koo lisipolalamika, mtoto hana breki. Umoja wa Ulaya umeweka mwisho wa miligramu 20 kwa mililita na tangi la mililita 2. Huku kwetu anayeuza kwa kificho hana anayempimia.

Ubongo unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Nikotini inagusa sehemu za umakini, kumbukumbu na kujizuia. Ukiona hasira za asubuhi na usingizi wa mang'amung'amu kwa mtoto aliyekuwa mtulivu, uliza kuhusu vepu kabla hujamwita mkaidi.

KijanaHuru
Acheni kutisha watu. Waingereza wameshasema vepu ni salama kwa 95%.

Mfamasia_Moro
Mkuu, hawakusema hivyo. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kwamba madhara yake ni pungufu kwa takribani 95% ukilinganisha na kuvuta sigara. Kulinganisha na sigara, sio na hewa safi. Kijana wa miaka 15 ambaye hajawahi kuvuta sigara hapunguzi chochote, anaanza.

Na hao hao Waingereza wamekataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na tangu tarehe 1 Juni 2025 vepu za kutumia na kutupa haziruhusiwi kuuzwa.

KijanaHuru
Na mzee anayevuta pakiti nzima kwa siku? Mnataka afe na sigara yake?

Mfamasia_Moro
Huyo ni kesi nyingine, na hapo niko upande wako. Kuna jaribio la Uingereza lililochapishwa 2019: baada ya mwaka mmoja, 18% ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya 9.9% waliopewa pachi (plasta ya nikotini ya kubandika ngozini), jojo za nikotini na mfano wake. Ila katika hao waliofanikiwa kwa vepu, 80% walikuwa bado wanavuta vepu. Mzee ahame kabisa, asichanganye vyote viwili. Lakini uzi huu ni wa vijana.

Chui_wa_Meru
Wote mnaongea lugha ya hospitali. Semeni wazi: vepu inaleta pafu la bisi, mapafu yanaziba, basi.

Dkt_Pumzi
Hapana ndugu yangu, tusimpe kijana sababu ya kutudharau. Ugonjwa huo ulijulikana mwaka 2000 kwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri, Marekani, waliokuwa wanavuta hewa yenye diasetili, kemikali ya kuleta ladha ya siagi. Ni kweli diasetili imekutwa kwenye baadhi ya majimaji ya vepu, na Uingereza wameipiga marufuku humo. Lakini imo pia kwenye moshi wa sigara. Ukimwambia kijana kila anayevuta vepu anapata pafu la bisi, ataingia mtandaoni, atakuta si kweli, na hatakuamini tena hata kwa lililo kweli.

Mnataka kinachotisha kweli? Kumbukeni Marekani 2019. Vijana wazima kabisa, wengine wanamichezo, wakaanza kufika hospitali wakihema. Wengi walianza na kutapika, kuharisha na homa, wakatibiwa tumbo. Wakarudi na kikohozi na maumivu ya kifua, wakatibiwa nimonia, antibayotiki hazikufua dafu. Picha ya kifua inaonyesha weupe pande zote mbili. Unapima vijidudu, hukuti kitu. Oksijeni inashuka, mgonjwa anapelekwa chumba cha uangalizi maalumu, wengine wanawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 24.

Aliyepatikana na hatia ni vitamini E asetati. Ni mafuta mazito, yana rangi na unene kama mafuta ya bangi, kwa hiyo wauzaji wa vichochoroni waliyatumia kuongeza ujazo kwenye vikopo vya vepu vya THC, ile kemikali ya bangi inayolevya. Kupaka kwenye ngozi au kumeza kama kidonge hakuna tatizo. Kuyachoma na kuyavuta ni balaa. Maabara za CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, zilipima majimaji yaliyooshwa kutoka mapafuni mwa wagonjwa 51, yakakutwa kwa 48. Watu wasio wagonjwa waliopimwa kulinganishwa hawakuwa nayo. Mpaka tarehe 18 Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na vifo vilikuwa 68. Tiba ilikuwa oksijeni na steroidi, na baadhi walirudishwa wodini baada ya kuruhusiwa.

Kwa wenzangu wa vituo vya afya: kijana ana kikohozi, anatapika, oksijeni yake iko chini ya 95% bila kuongezewa, muulize vepu. Muulize mzazi akiwa nje ya chumba. Mbele ya baba yake atakukatalia.

MamaJ_Tanga
Vichochoroni kwani wanaweka mafuta ndani? Ya Rabi.

Omosh_Kisumu
Daktari, kwa hiyo ile ya dukani iliyofungwa vizuri ni sawa?

Dkt_Pumzi
Omosh, hapana. Wengi walikiri kutumia THC, lakini 14% walisema wametumia za nikotini peke yake. Kifungashio kizuri hakikwambii kilichomo. Vifungashio vyenyewe vilikuwa vinauzwa vitupu mtandaoni.

BabaWawili
Mimi nasema usihojiane na mtoto. Ukiipata, ivunje mbele yake kwa nyundo, tia kwenye moto wa taka, mchezo umeisha.

FundiBetri_Kkoo
BABA, USIFANYE HIVYO! Nyundo kwenye lithiamu ni moto papo hapo, na ule moshi unaotoka ni sumu. Shimo la taka ndiyo mbaya zaidi, inaruka. Ziba tundu la chaja kwa selotepu, weka kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, liache nje mbali na mlango, kisha mpelekee fundi au mkusanyaji wa betri chakavu.

Kuna kijana wa miaka 17 wa Nevada mwaka 2018, ilimlipukia mdomoni ikamvunja taya na kung'oa meno. Madaktari waliandika habari zake kwenye jarida la tiba. Hiyo ilikuwa haijapigwa nyundo.

NesiWaZamu
Na mwenye mtoto mdogo ndani ya nyumba asome hapa. Chupa ya majimaji ya vepu ya mililita 10, yenye nguvu ya miligramu 20 kwa mililita, ina miligramu 200 za nikotini, na inanukia pipi. Mwaka 2014 mtoto wa mwaka mmoja alifariki jimbo la New York kwa nikotini ya maji. Mapema 2016 Marekani ikapitisha sheria ya vifuniko visivyofunguka na watoto.

Akinywa au yakimmwagikia: vua nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji mengi, futa mdomo, kimbia hospitali na chupa yenyewe mkononi. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Kwanza utaona udenda, jasho, kutapika na moyo kwenda mbio. Ikizidi inakuja degedege, halafu kulegea na pumzi kukatika. Usisubiri hatua ya pili.

Omosh_Kisumu
Sheria inasemaje? Kampala naskia ni marufuku kabisa.

Mfamasia_Moro
Uganda ndiyo, sheria yao ya 2015 imekataza kuingiza na kuuza vepu, na shisha pia.

MwalimuNidhamu
Turudi kwa mtoto ambaye ameshanasa. Anaachaje?

Mfamasia_Moro
Kiu ya nikotini inaanza ndani ya saa chache, inakuwa kali siku ya pili na ya tatu, halafu inapungua kwa wiki tatu au nne. Ashuke ngazi kwa ngazi: miligramu 50 kwa mililita, kisha 20, kisha 10, kisha sifuri.

NesiWaZamu
Hapo sikubaliani nawe, kaka. Ukimpa yenye nikotini ndogo anavuta mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi, anaishia kumeza ukungu mwingi kuliko mwanzo. Achague siku, aache moja kwa moja, na aanze likizo, sio wiki ya mtihani.

Chui_wa_Meru
Likizo ndiyo anakutana na marafiki wa mtaani. Aache akiwa bweni.

Mfamasia_Moro
Dada, kushuka kunafaa ikiwa idadi ya mivuto nayo inahesabiwa, sio nguvu peke yake. Tukubaliane kwenye hili: asiachwe peke yake. Marekani walijaribu kuwatumia vijana wa miaka 18 hadi 24 ujumbe mfupi wa simu wa kuwatia moyo. Baada ya miezi saba 24.1% walikuwa wameacha, dhidi ya 18.6% wasioupata. Ujumbe wa simu tu! Mwalimu au shangazi anaweza kufanya hivyo bila gharama, hasa zile siku tatu za kwanza. Pachi kwa aliye chini ya miaka 18 asinunuliwe kienyeji, aonane na daktari apimiwe dozi.

BabaWawili
Fundi, na ikishavimba? Ipo kwenye droo ya gari.

FundiBetri_Kkoo
Itoe garini leo hii, kabla jua halijapanda. Usiibonyeze, usiichomeke chaja hata kujaribu kama inawaka. Kopo, mchanga, nje.