Mzigo wa pikipiki: hii 280 inahesabu nini?

Boda wa Ngamiani: Wakuu, natoa machungwa Muheza kuleta Tanga mjini. Kibao cha kwenye fremu kimeandika uzito wa juu kilo 280. Kitabu kinasema pikipiki yenyewe 125, mafuta yakiwemo. Tajiri anashikilia eti 280 ndiyo mzigo. Kweli?

Fundi Chumbageni: Atakuua huyo, mdogo wangu. 280 ni vyote: chuma, wewe, abiria, machungwa, hata hiyo keria uliyochomelea. Toa 125, inabaki 155. Wewe una kilo ngapi?

Boda wa Ngamiani: 70.

Fundi Chumbageni: Basi mzigo 85, keria ikiwemo. Halafu chungulia ubavuni mwa tairi la nyuma, baada ya saizi kuna namba ya uzito ambao tairi linabeba. 50 maana yake kilo 190, 57 ni 230, tena upepo uwe kamili. Na gunia ukilifunga nyuma kabisa ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza.

Mama Machungwa: Kilo 85? Lumbesa, gunia la kujaza kupita kipimo, inapita hapo mbali! Mimi nawafungia viroba vidogo. Wananuna, lakini machungwa yanafika hayajapondeka.